Foleni Iliyofagiwa

Shire alikuwa fundi wa saa kutoka Kismayu, na mwaka huo wa 1992 alikuwa amepewa wiki moja kuonyesha kwamba anafaa kuishi katika mtaa wa Shauri Moyo. Nekesa, mjane aliyeuza mablanketi katika soko la Gikomba, alimkabidhi chumba cha nyuma kwa sharti. "Sijawahi kupangisha mtu wa nje. Jumapili nitauliza majirani. Wakikukataa, usininung'unikie."

Shire alikipenda chumba kile tangu alipofungua dirisha. Kila asubuhi mwanga uliingia polepole, ukatandaa sakafuni kama shuka iliyofuliwa, naye akalala akiutazama, akasahau kwa kitambo kwamba alikuwa amevuka mpaka na mkoba mmoja tu.

Jumamosi aliamka mapema ili atende jema. Ukungu ulikuwa umezimeza nyumba za upande wa pili. Kando ya bomba la maji la mtaa aliona takataka zimejipanga: nusu tofali, kandambili moja, mkebe wa mafuta, na mbele zaidi debe lililotoboka na vinginevyo. Akaziokota zote, akazitupa jaani, akafagia mpaka saruji ikang'aa. Alijisikia mwepesi, kana kwamba yuko kwao.

Maji yalipoanza kutoka, zikazuka kelele.

"Mama Opicho!" jirani aitwaye Khavere alimwita Nekesa. "Huyu Msomali wako amefagia foleni nzima!"

Kila takataka ilikuwa imeshika nafasi ya mtu tangu jana jioni. Sasa wanawake kumi na wanne walisukumana na ndoo zao.

"Mimi ndiye wa kwanza!"

"Wewe? Uliyekuja na usingizi machoni?"

Nekesa alimtazama Shire, kisha akakitazama chumba cha nyuma. Shire akaona lile dirisha likienda mbali.

Alirudi jaani. Kwa miaka ishirini alikuwa amefungua saa na kupanga vipande mezani kwa utaratibu uleule aliovitolea. Akafumba macho. Nusu tofali. Kandambili. Mkebe. Akavirudisha kando ya bomba na kuvipanga vyote kumi na vinne bila kusita, na kelele zikafifia kadiri kila mmoja alivyosimama nyuma ya chake, Nekesa akiwa wa kwanza nyuma ya nusu tofali. Debe la yule aliyejidai wa kwanza lilitua la tisa.

"Haya, dada," Khavere akacheka, "sema tena."

Jumapili Nekesa hakuuliza mtu. Alimletea Shire sufuria kuukuu iliyotoboka.

"Hii ni yako. Jioni kaiweke nyuma ya tofali langu. Na ufagio niachie mimi."