Upande Mwekundu wa Kawa

Mwaka ule sukari ilipopotea Kampala, chai tuliinywa huku tunatafuna muwa, na siku moja ya mwaka ule naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo iliyonifunza kusema hapana.

Nilikuwa msichana, tunakaa Old Kampala kwa bibi yangu. Sisi Wanubi bibi tunamwita haboba. Haboba alisuka kawa za kufunikia sinia, duara la rangi nyingi, na kila kawa ilikuwa na kipande kimoja chekundu kutoka katikati mpaka ukingoni. Kipande hicho huelekezwa kwa mgeni. Maana yake: fungua wewe, chakula ni chako.

Basi alikuja jirani mmoja, muuza ndizi. Mjomba wangu, askari, karudi kutoka kambini na njaa yake, akaizungusha sinia polepole mpaka wekundu ukamtazama yeye. Haboba akampiga mkono kwa mwiko.

"Umekuwa mgeni lini hapa?"

"Mama, nina njaa ya kambi nzima."

"Basi kale na kambi."

Muuza ndizi alicheka mpaka chai ikampalia.

Sasa bibi ni mimi, nasuka hapa Kyebando. Mjukuu wangu Zaituni, aliyesomea kuchora kwa kompyuta, alipata kazi yake ya kwanza: nembo ya bustani mpya ya sherehe, mahali pa harusi, ngoma na mikutano. Akachora kawa yangu. Nikaringa mtaa mzima, hata muuza mkaa alichoka kunisikia.

Halafu bosi wa bustani akaja naye nyumbani, kijana wa viatu vya kung'aa. Nikamwandalia sinia.

"Jajja," akaniita, kama Waganda wanavyomwita bibi, "nembo ni nzuri, ila hicho chekundu kinaharibu duara. Tukitoe. Tutaandika kwamba duara ni umoja."

Zaituni akaninong'oneza, "Haboba, kubali tu. Nikiikosa hii, nani atanipa nyingine?"

Moyo uliniuma, sikufichi. Lakini nikamwambia yule kijana, "Wekundu ndio unaomwambia mgeni afungue. Bila huo umebaki na nini? Upande mwekundu siutoi. Mkitaka duara tupu, chukueni kifuniko cha sufuria."

Akaitazama sinia iliyokuwa mbele yake. Wekundu ulikuwa unamwelekea yeye tangu alipoketi.

"Kumbe nilikuwa nangoja mnifungulie ninyi," akasema. Akafungua mwenyewe, akala mpaka akalegeza mkanda. Nembo akaichukua vile ilivyo, na Zaituni akabaki na kazi yake.

Mwanangu, mkubwa akija na kazi, mpe heshima, mpe na kiti kizuri. Ila kitu unachokijua maana yake, usikubali akupe maana nyingine kwa sababu ina maneno matamu. Wala usigombane naye. Mwekee sinia kwanza, ndipo umkatalie. Mtu aliyekaribishwa husikia. Mungu aibariki mikono yako, na wageni wasikose mlangoni pako.

Jana bosi kapiga simu tena. Eti kipande kile kiwe kijani, kifanane na majani ya bustani. Zaituni akaanza kucheka kabla sijajibu. Nikamwambia bosi angoje nimeze chai yangu, kisha nikamjibu yale yale:

"Upande mwekundu siutoi. Mkitaka duara tupu, chukueni kifuniko cha sufuria."