Saa Kumi kwenye Simu ya Rachid

Rachid alilelewa na nkambo wake, yaani babu yake, mzee Amisi, fundi wa kanzu pale mtaani Katuba. Kwao, Waislamu waliotoka Maniema, mtu akifa asubuhi jua halitui kabla hajazikwa. Ndiyo maana Rachid alitengeneza ukurasa wa maziko: jina, msikiti, saa. Watu waliufungua kwenye simu, wakaja.

Lakini ukurasa ulikuwa na kilema. Ukiufungua, uliuliza serveri, ile kompyuta ya mbali inayotunza habari zake, mara moja tu, ukapokea jibu na kulikumbatia. Saa ikibadilishwa kule serveri, wewe huoni kitu mpaka uufunge na kuufungua tena.

— Vieux, page yako iko kiziwi! rafiki yake Merdi alimcheka. Uachie sikio pale kwa serveri, kitu ikibadilika isikie yenyewe.

— Ni mistari mbili tu, Merdi. Nitaandika kesho.

Kesho hiyo ikazeeka miezi minne.

Na mzee, pini midomoni, alikuwa akimwambia kila mara: "Siku yangu, konzi ya kwanza ya udongo itoke ku mukono yako. Bengine basikutangulie." Rachid alikuwa anacheka tu. Nani anapenda kusikia mambo kama hayo?

Jumanne moja alikuwa Kasomeno, mbali na mji, amepeleka kanzu za harusi, alipopigiwa simu: nkambo ametutoka. Kabla gari halijaondoka akafungua ukurasa wake. Amisi, saa kumi. Akahesabu: angefika saa tisa. Alhamdulillahi, angewahi.

Njia nzima macho yalikuwa kwenye simu. Mtandao ulipotea, ukarudi, ukapotea, ukarudi tena. Saa kumi ilibaki palepale, naye hakukumbuka kuufunga ukurasa na kuufungua tena.

Alipoingia lupangoni, uani kwa nkambo, manyunyu yalikuwa yameanza. Wanaume walikuwa wanakung'uta viatu, na viatu vilikuwa vyekundu.

— Yomba, tunaenda sasa?

Yomba Souleymane, ndugu ya mama yake, alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni.

— Mutoto, tunatoka kumuzika. Mvua ilikuwa inakuya, tukarudisha ku saa nane. Nilibadirisha mimi mwenyewe pa page yako, vile ulinifundisha.

— Na hamukunipigia?

— Kukupigia? Si wewe mwenyewe wa page? Tulisema Rachid ataona mbele ya bantu bote.

Rachid alikimbia mpaka makaburini. Tuta lilikuwa limeshapigwapigwa vizuri, limelowa. Akachota konzi tatu, akaziweka juu. Mvua ikaziteremsha pembeni mbele ya macho yake. Udongo wa juu si udongo wa ndani, alijua.

Kabla ya magharibi alirudi lupangoni, akakaa kwenye kompyuta, kucha zimejaa udongo, akaandika ile mistari miwili. Haikumchukua hata dakika kumi. Kisha akawaomba wanawake wa matanga waufungue ukurasa upya, akasogeza saa ya dua ya kesho, kujaribu.

— Eee! Inageuka yenyewe! mama Alima alipiga kelele kule mkekani. Muangalie, sikuigusa hata!

Wanawake wakaonyeshana simu. Mmoja akamwombea Rachid baraka.

Kwenye simu yake mwenyewe hakutaka kugusa kitu. Ukurasa aliofungua Kasomeno ulikuwa bado wazi, wa zamani, kiziwi, haujasikia habari yoyote. Amisi, saa kumi. Akailaza simu mfukoni hivyo hivyo, bila kuufunga ukurasa. Pale tu, kwenye saa kumi ile, nkambo alikuwa bado anamngoja.