Nilikataa mpishi wa ukumbi kwenye send-off ya mjukuu wangu, wageni niliowapikia wakaambulia soda

Wakuu wa humu, wa kunipa shikamoo nipeni kabisa, wa rika langu habari za mchana. Nipo Mfaranyaki, Songea. Ninayoyasema yamenikuta mimi mwenyewe, na mjukuu wangu anasoma humu, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya siwezi.

Mjukuu huyo anaitwa Consolata. Nimemlea mimi tangu hajaota meno. Leo ni mwalimu, kapangiwa shule huko Tunduru.

Alipofika kule hajui mtu. Mzee mmoja, mzee Mustafa, na mke wake mama Mwanaidi wakampa chumba kwao. Wakamlisha kama mtoto wao mpaka alipopata nyumba. Miaka miwili!

Sasa Consolata kapata mchumba, mwalimu mwenzake. Upande wetu tukaandaa send-off. Nikaapa: wale wazee wa Tunduru watakula chakula cha mkono wangu. Sina cha kuwalipa kwa wema ule, lakini kupika najua.

Kamati ikapata ukumbi mzuri, una feni na viti vya kuvalishwa magauni. Shida ikawa sharti. Dada meneja akasema, "Bibi, hapa chakula tunapika sisi."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimepika misiba na harusi za mtaa huu wewe bado hujazaliwa. Mpishi wako nimemwona akipakua, nyama anahesabu kama vidonge vya hospitali."

Akakataa. Nikavua viatu, nikakaa kwenye kochi la ofisi yake. Wateja wanaingia, wananikuta. Wengine wananiamkia, mimi nawasimulia ninavyoonewa. Saa sita akachoka. Akasema nilete wapishi wangu, ila mpishi wao Shabani awepo kulinda vyombo vyao.

Nilirudi nyumbani natembea kama mkuu wa wilaya.

Mbuzi wanne walitoka Namtumbo, wakafika asubuhi ya siku moja kabla ya shughuli. Hapa sasa ndipo ujinga wangu ulipo, wakuu, someni taratibu.

Shughuli zetu zote hapa mtaani anachinja jirani yangu mzee Saidi. Miaka yote. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwita tu, "Jirani, njoo na kisu." Kwa nini yeye na si mwingine, sikuwahi kujiuliza. Nilimwona kama mwenye zamu yake.

Siku hiyo mzee Saidi hayupo, kaenda Mbesa kumwangalia binti yake kalazwa. Na mimi nina haraka. Nikamwita mwanangu Desderi. Nikaona kisu ni kisu.

Siku ya shughuli asubuhi tumeingia jiko la ukumbi, mimi na kina mama watatu wa jumuiya yetu, tuna ndoo za nyama. Shabani akachungulia. "Bibi, hawa mbuzi wamechinjiwa wapi?"

Mimi akilini: huyu anatafuta vichwa na utumbo.

"Wamechinjiwa kwangu, na vichwa vimebaki kwangu! Mwaka huu supu umeikosa!"

Kina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Akafungua mdomo tena, "Lakini bibi..." Nikamwambia sogea, unanizibia jiko.

Saa nane mchana pilau ikapakuliwa. Jamani, ilinukia. Sahani za meza ya Tunduru nikazibeba mwenyewe, nyama imepanda juu kama kichuguu. Watu wale waliswali alfajiri wakaingia kwenye Coaster, tangu hapo hawajatia kitu tumboni. Nikasimama pembeni ningoje sifa.

Mzee Mustafa akauliza kwa upole, "Dada, samahani, kachinja nani?"

Nikajibu kwa sauti, meza tatu zisikie, "Mwanangu Desderi! Mkristo safi, hata pombe hanywi!"

Mzee akaweka kijiko chini. Meza nzima ikaweka vijiko.

Hapo ndipo akili iliponirudia, wakati sina kazi nayo.

Mama Mwanaidi akajaribu kuniokoa. "Tutakula wali mtupu, dada, wala usihangaike." Wali gani, na ni pilau imechemkia kwenye mchuzi ule ule? Hata kachumbari tuliikatia ubao wa nyama. Wakaomba soda.

Consolata akaja na gauni lake, machozi yanamlenga. "Bibi, waliokaa na mimi miaka miwili ndiyo unawashindisha njaa?"

Nikaenda jikoni. "Shabani baba yangu, nisaidie."

"Bibi, si nilikuuliza asubuhi?"

"Nilijua unataka vichwa."

"Kichwa cha mbuzi hata sili, bibi!"

Lakini Mungu ambariki, alikuwa na kuku kwenye friji, kachinja mwenyewe kwa shughuli ya kesho yake. Akatoa sufuria ambazo hatukuzigusa. Mimi na kina mama wangu wapika misiba tukamenya vitunguu vyake kwa adabu, tunaambiwa "vidogo zaidi, bibi," tunaitika.

Saa nzima MC aliwachezesha watu. Kuku na wali mweupe vikaja, nikapeleka tena mwenyewe, safari hii naangalia chini. Nikawaomba radhi wale wazee.

Mama Mwanaidi akanishika mkono. "Yameisha, dada. Sisi Consolata alipofika kwetu, hata begi hajatua, nilimuuliza, mwanangu, wewe unakula nini?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Kwenye maandalizi nimegombana na meneja nani apike. Nani atakula sikuuliza siku hata moja.

Wenzangu mliofanya shughuli kumbini, mlikubali mpishi wao au mlikomaa na wenu? Na mnaotaka kunicheka chekeni, ila anzeni na shikamoo.