Kete Niliyoitoa Mbele ya Gwiji

Kabla sijaeleza aibu yangu, naomba tutenganishe niliyoyaona na niliyoyasikia. Nimesikia kwamba siku ile nilimchapa gwiji kofi. Nimesikia pia, kwa mtu wa Lusewa ambaye hakuwapo wala hana ndugu aliyekuwapo, kwamba niliimeza kete ili isirudishwe ubaoni. Hayo siyashuhudii. Niliyoyatenda mwenyewe, kwa mkono huu wa kulia, mbele ya Paroko na watu sitini na watatu (niliwahesabu, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi, na mwenye wasiwasi huhesabu), yanatosha kunitia aibu bila msaada wa Lusewa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mkazi wa Mjimwema hapa Songea, na mlezi wa klabu yetu ya sataranji, ambayo vijana huiita chesi. Tulikuwa tukikutana kila Jumamosi katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, na chumba hicho kwaya ilikuwa imekiomba. Mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, Mama Mapunda, mwanamke asiyepoteza neno, aliniambia waziwazi kwamba haoni tofauti kati ya mchezo wetu na drafti la kijiweni, lenye kelele na ugomvi, na kwamba hawezi kuwanyima waimbaji nafasi kwa ajili ya wacheza drafti. Nilimjibu kwa barua ya kurasa mbili. Niliandika, na sentensi yenyewe naikumbuka, kwamba sataranji na drafti haviko ukoo mmoja, si kwa kanuni wala kwa adabu. Akajibu kwamba atakuja kuona kwa macho yake, kisha ataamua. Sikuweza kumlaumu, maana hata mimi ningesema vivyo hivyo.

Ikatokea kwamba gwiji mkuu wa mchezo huo, kijana aitwaye Fidelis, aliyekulia Ulaya lakini mama yake ni mtu wa Mbinga, alikuwa amekuja kuwasalimu wajomba zake, akakubali kupita Songea na kucheza nasi kumi na wawili kwa pamoja, yeye akizunguka meza hadi meza. (Cheo chake sikukiamini kwa kuambiwa, nilimwomba Stela, katibu wetu, fundi cherehani mwenye akili iliyonyooka, anitafutie jina lake katika orodha ya dunia, nikalisoma mwenyewe kwenye simu yake.) Nikamwalika Mama Mapunda siku hiyohiyo. Nikamwekea kiti nyuma ya bega langu, Paroko kando yake, ili aone elimu na utulivu. Kisha nikasimama nikasoma kanuni kwa sauti, ikiwamo ile isemayo kwamba ukigusa kete umelazimika: kama ni yako, uisogeze, kama ni ya mwenzako, uile iwapo inalika. Nikamteua Stela kuwa mwamuzi, nikamwagiza mbele ya watu wote asimwonee haya mtu yeyote.

Kwa desturi, gwiji anayecheza na wengi huchukua kete nyeupe na kuanza yeye kila meza. Alipofika kwangu akasema shikamoo, akaziona mvi zangu, akaugeuza ubao. “Babu, anza wewe.”

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Ningemwambia afuate utaratibu, ningekaa na nyeusi nikijilinda, nikashindwa polepole kama watu wenye heshima zao. Nikaitikia marahaba, nikashukuru, nikazichukua nyeupe.

Sababu yake ni kwamba kwa majuma sita nilikuwa nimejifungia na ufunguzi mmoja wa mashambulizi uitwao Kafara ya Mfalme, ambao ndani yake, katika hatua ya pili tu, unamtoa askari wako bure ili aliwe, na mpinzani akishamla, njia inafunguka na unamvamia kabla hajavaa viatu. Nilikuwa na daftari lenye kurasa kumi na nne, na kila ukurasa ulianza kwa neno “Akila”. Tena nilikuwa nimemnong’oneza Mama Mapunda, kwa majivuno ambayo leo yananiuma, kwamba katika hatua ya pili atamwona gwiji akila.

Nikasogeza askari wa mfalme. Naye akamsogeza wake, wakasimama uso kwa uso. Alipozunguka na kurudi, nikamtoa kafara. Gwiji hakula. Alimwangalia askari wangu kama mtu anayepitishiwa sahani wakati ameshashiba, akamchomoza askofu wake hadi katikati ya ubao, akaenda meza ya pili.

“Mbona hajala?” akauliza Mama Mapunda nyuma yangu.

Nilimwambia asubiri. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisubiri, na sikujua nasubiri nini. Kurasa zote kumi na nne zilikuwa zimekufa kwa pamoja. Jasho likaanza kunitoka chini ya kofia, miwani ikaingia ukungu, nikaifuta, ikaingia tena. Nilisikia viatu vya gwiji vikipita meza ya tano, ya sita, ya saba (watu wetu walikuwa wanacheza upesi mno, na nikawachukia wote kwa jina), na macho yangu yakawa yameganda kwa yule askari wake mweusi, aliyekuwa na haki ya kula na akakataa kula.

Sasa lazima nitaje jambo ambalo barua yangu haikulitaja. Kwa miaka thelathini nilicheza drafti na marehemu rafiki yangu huko Mshangano, kila Jumapili baada ya misa, na drafti letu lilikuwa na sheria moja kali kuliko zote: anayeweza kula asipokula, kete yake inatolewa. Unainyakua, unagonga meza kwa kifundo cha kidole, unamtangazia kosa lake, mchezo unaendelea. Mkono wangu umefanya hivyo mara nyingi kuliko ulivyoshika chaki.

Viatu vikasimama mbele yangu. Nikanyanyua mkono nikiwa sina hatua yoyote kichwani, na mkono ukajitafutia kazi. Ukamnyakua askari mweusi, ukagonga meza, na kinywa changu, kwa sauti ya darasani iliyofika hadi mlangoni, kikasema:

“Hukula. Naitoa.”

Gwiji akaniangalia, akaangalia kiganja changu, akauliza kwa upole ambao ulinichoma kuliko kicheko:

“Babu, umeila na nini?”

Nyuma yangu nilisikia kiti cha Mama Mapunda kikilia, maana yake ameinama mbele ili aone vizuri. Nilikiona chumba chetu kikiondoka na benchi zake. Gwiji akanyoosha mkono ili airudishe kete mahali pake na yaishe, lakini Stela alikuwa ameshafika, amesimama wima kama nilivyomfundisha.

“Mwalimu, umegusa.”

“Nimegusa,” nikasema.

“Rudisha, kisha umle kwa askari wako. Analika.”

Nikarudisha. Askari akaanguka mara mbili kabla hajasimama sawasawa. Kisha nikamla kihalali, na kila anayeujua ufunguzi ule anajua kwamba hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwa maana malkia mweusi aliteleza hadi ukingoni mwa ubao akamtisha mfalme wangu. Kwa woga nikamtoa mfalme hatua moja mbele. Malkia akamla askari wangu wa katikati, na mfalme hakuwa na pa kwenda. Hatua nne. Katika meza nyingine watu walikuwa bado hawajapoteza hata kete moja.

Nikamlaza mfalme, nikasimama, nikampa gwiji mkono na kumwambia kwamba kosa ni langu lote. Kisha nikageuka, kwa sababu hukumu ilikuwa imeketi nyuma yangu.

Mama Mapunda hakuharakisha. “Mwalimu, drafti mimi naijua. Marehemu mume wangu aliwahi kurudi nyumbani jicho limevimba kwa kete kama hiyo uliyoitoa wewe.”

Nikasema naelewa.

“Huelewi. Umetoa kete ya mtu, binti amekuambia rudisha, umerudisha. Umefungwa, umetoa mkono. Hiyo si drafti. Chumba kaeni nacho, kwaya nitaongea nao.” Akachukua mkoba wake, na alipokuwa anapita akaongeza, bila kushusha sauti, kwamba barua yangu ilikuwa ndefu mno. Paroko alikohoa ndani ya leso kwa muda usio wa kawaida.

Tangu siku hiyo nimeapa kutomwahidi mtu yeyote hatua ambayo itachezwa na mwingine. Inasemekana kwamba gwiji alisimulia kisa changu Mbinga nzima. Sikuwapo, siwezi kumshtaki. Jumamosi iliyofuata nilipofungua mlango wa chumba chetu nilikuta karatasi ukutani, imeandikwa kwa wino mwekundu: “Kutokula si kosa.” Nimeambiwa aliyeiandika, sikumwona akiandika, kwa hiyo simtaji. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba mistari imenyooka, tahajia ni sahihi, na sijaibandua.