Springla zilivyokausha kisima huku vitunguu vikifa kiu

Wakuu, salamu kwenu. Wale mlio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjaziandika. Marahaba.

Mimi ni bibi, nalima huku upande wa Goweko, Tabora. Shule sikufika mbali, mkiona neno limekaa vibaya lirukeni mwendelee. Habari yenyewe ni ya kweli na kisima kipo, mwenye mashaka aje akichungulie.

Nina bustani ya vitunguu kule bondeni, na upande mmoja nyanya. Ndiyo inayonilisha tangu nilipoacha tumbaku, maana moshi wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, ulinimaliza kifua.

Maji natoa kwenye kisima ambacho marehemu mume wangu alichimba pamoja na mume wa jirani yangu, Mama Kulwa. Kisima kimoja, nyumba nyingi. Watu wanakunywa hapo, ng'ombe wanakunywa hapo.

Kiangazi kilichopita mwanangu Maganga, anauza vipuri vya pikipiki Kanyenye pale mjini, akaniletea pampu ya petroli na springla. Akaniambia, "Mama, hiyo keni ya kumwagilia sasa wape wajukuu wachezee."

Kwa asiyeijua springla. Maji yanakuja kwenye bomba yakiwa na nguvu, yanabanwa kwenye kitundu chembamba, yanaruka mbali. Yakiruka yanapiga kimkono chenye springi. Kimkono kinasukumwa pembeni, springi inakirudisha, kinagonga kichwa, kichwa kinageuka kidogo. Hivyo hivyo mpaka kinazunguka mduara mzima. Hakuna uchawi pale, ni nguvu ya maji tu.

Ilikuwa raha kuitazama. Kazi ya kuwasha nikampa mkwe wangu Pili, mke wa mdogo wake Maganga, naishi naye.

Pili kakulia kwenye vitalu vya tumbaku. Na kitalu cha tumbaku huku kila mtu anakijua: unamwagia kidogo kidogo, asubuhi, mchana, jioni, juu pasikauke. Miche ikishaota unafunua nyasi zipate jua.

Basi na vitunguu tukavilea hivyo hivyo, japo vilikuwa vimeshakuwa vikubwa. Nyasi tukatoa. Springla zinawashwa zote kwa pamoja, dakika chache zinazimwa, baadaye zinawashwa tena. Jua la utosi, upepo wa kiangazi unavuma, maji yanaruka. Hakuna aliyeona kosa, mimi nikiwemo.

Vitunguu vikadumaa. Majani yakawa manjano kwenye ncha. Tukaongeza maji.

Siku moja Mama Kulwa akaja na ndoo tupu, hakukaa.

"Mwenzangu, njoo usikilize ndoo yangu inavyokwangua chini."

Nikamwambia kiangazi ni kikali mwaka huu.

"Kiangazi hakina pampu. Wewe ndiye una pampu. Watu wamesema tukutane pale kisimani baada ya mnada. Wengi wanataka mpira wa pampu yako utolewe kisimani kabisa."

Nisiwafiche wakuu, hapo nilikosa usingizi. Vitunguu vilikuwa havijatia kichwa. Mpira ukitolewa, bustani imekwisha, na mimi sina shamba jingine la kunilisha. Lakini pia nilikuwa nimemfuata mpaka kisimani. Ndoo yake nilikuwa nimeisikia.

Nikampigia Maganga. Akaja, nikampa jembe, nikamwambia achimbe katikati ya tuta, palepale ambapo Pili alikuwa ametoka kumwagilia.

Juu palikuwa pameloa vizuri. Chini kidogo tu, vumbi. Mizizi imekaa kwenye vumbi.

Pili akasikitika. "Mama, mbona namwagilia kutwa nzima?"

"Unalimwagilia jua," nikamwambia. "Na mimi nilikuwa nakutazama."

Maganga akasema tuone maji yanaangukia wapi. Tulihitaji vyombo vinavyolingana. Kwangu ndipo panapotunzwa vikombe vya plastiki vya kikundi chetu cha akina mama, vile vya misibani. Tukavipanga bustani nzima na nje yake, tukawasha.

Mama Kulwa akapita na ng'ombe wake.

"Nani amefariki, mbona sijapewa habari?"

"Hajafariki mtu. Tunapima mvua yetu."

"Mvua mmeichota kisimani kwangu."

"Kisima chetu sote."

"Ahaa. Leo ndiyo umekumbuka sote."

Pili akacheka, nikamkata jicho.

Tulipozima, tukapita kuangalia. Vikombe vingine vina matone. Vingine robo. Kilichojaa kuliko vyote kilikuwa njiani, pale wanapopita ng'ombe. Upepo ulikuwa unabeba maji yetu unakwenda kumwagilia njia.

Maganga akaeleza kwamba pampu yetu ni ndogo. Ukiwasha springla zote, presha inagawanyika, maji hayafiki yanapotakiwa. Springla moja inatakiwa irushe mpaka inakaribia mguu wa mwenzake, ili pale moja inapopunguza nyingine ijazie. Zetu hazikufikiana. Kati ya moja na nyingine palikuwa jangwa.

Tukabadilisha. Zikawa zinawashwa chache, zikimaliza zinafuata nyingine. Alfajiri, kabla ya upepo. Tunaziacha muda mrefu mpaka jembe likute unyevu chini, kisha tunakaa siku kadhaa hatugusi. Nyasi tukarudisha katikati ya mistari, udongo usitazamane na jua.

Tukapanga vikombe tena. Safari hii vilikaribiana, na kile cha njiani kilikuwa kikavu.

Lakini wakuu, hapo ndipo nilipokwama. Alfajiri ndiyo saa ambayo akina mama wanachota. Nikiwasha pampu saa hiyo nawanyang'anya maji mikononi.

Siku ya kikao nilisimama mwenyewe, sikumtuma Maganga aniongelee. Nikasema maji mengi tumeyapoteza, na nikaeleza yalikopotelea. Nikasema nitaweka simtank, tenki la plastiki, chini bustanini, nilijaze kidogo kidogo mchana wakati hakuna anayechota. Alfajiri pampu itavuta kutoka kwenye tenki, haitagusa kisima. Tenki likiisha, na kumwagilia kumeisha, hata kama kuna tuta halijapata.

Mama Kulwa akauliza, "Na nikija alfajiri nikakuta mpira umo kisimani?"

"Uchomoe, ubaki nao."

"Na tenki litatosha bustani yote ile?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa. Nikasema halitoshi. Upande wa nyanya ninauacha.

Nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maua, wote walikuwa wamepita wakaziona. Mama Kulwa akasema, "Basi mwacheni avune vitunguu." Akachukua ndoo yake akaondoka. Hakuna aliyempinga.

Nyanya zilikauka nikiziona kila asubuhi. Vitunguu vilitia vichwa, si vikubwa kama nilivyotaka, lakini nilivuna. Na ndoo za watu hazikukosa maji mpaka mvua ya kwanza.

Nilichojifunza ni kwamba watu wanauziwa springla wakiambiwa inaokoa maji. Springla kazi yake ni kurusha. Anayeokoa maji ni yule anayejua lini azime, na kipi akubali kukikosa.

Nyie wa Nzega na Igunga wenye udongo mweusi, huko unashika maji kuliko kichanga chetu, mnakaa siku ngapi bila kumwagilia? Na wanaotumia mipira ya matone, kwa kisima kama hiki ingeniokolea nyanya zangu? Anayejua aandike taratibu, nasoma polepole. Wa kubishana naye karibu, ila kwanza akachimbe kwenye tuta lake aone.