Shocks za rali na kibuyu cha posa: yaliyonikuta Gachoka

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi husoma tu na kupita, maana shule yangu iliishia la nane na huandika kwa kidole kimoja. Lakini nimeona mnavyosifu shocks za aftermarket za quad, yaani springi za kununua kando badala ya zile za kiwandani, nikasema leo sipiti. Haya ni ya kweli, suruali yangu ni shahidi.

Miaka ya tisini, kaka yangu Ireri aliachiwa quad na mradi wa maji uliofunga kazi hapa Gachoka. Pikipiki ya magurudumu manne, tena laini. Ukiikalia inashuka kama godoro.

Ireri akasema hiyo ni aibu. Akaenda mpaka Meru kwa fundi mmoja wa Majengo, akarudi na shocks nyekundu na maneno mengi.

"Hizi ni za rali. Weka chai juu, hata povu halitikisiki."

Akakaza springi mpaka mwisho. Quad ikasimama juu kama mbuzi anayefikia majani.

Jumamosi hiyo nilikuwa napeleka pombe ya asali kwa kina Wanja, msichana niliyetaka kuoa. Kwetu ikifika imepungua, wazee wanakurudisha nyumbani, na kulikuwa na mwalimu mmoja akingoja nirudishwe. Tena haiendi kwa jerikani. Ni kibuyu, basi.

Mama alitaka ibebwe mgongoni. Ireri akacheka. "Mama, hii ni technology!"

Mimi nilikuwa nimeijaribu asubuhi, meno yakagongana. Lakini kusema mbele ya watu kulinishinda. Nikapanda nyuma, kibuyu mapajani.

Jiwe la kwanza, kizibo kikaruka.

Jiwe la pili, nikaruka mimi. Niliposhuka, kibuyu kilikuwa vipande viwili na mapaja yamelowa.

"Unasikia ilivyotulia?" Ireri akapiga kelele kule mbele.

Nyuki wa kwetu Mbeere wakinusa asali hawangoji kualikwa. Tuliingia kwa wakwe tukiwa na msafara.

Baba Wanja akanitazama kutoka kiunoni kwenda chini. "Kijana, tuliomba pombe kwa kibuyu. Wewe umetuletea kwa suruali?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nilikuwa natafuta mlango wa boma kwa macho.

Hapo ndipo nikamwona Tata Igoki, shangazi yetu, amekaa kivulini na kiondo chake. Kumbe Mama alimpa kibuyu cha pili alfajiri, akapita njia ya miguu. Mama hakuwa na imani na kitu chenye springi.

Tata akakifungua. Kimejaa mpaka shingoni.

"Nyinyi mmepitia wapi?" akauliza.

Ireri akajikuna. "Shocks bado ni mpya, Tata. Hazijazoea barabara."

"Kiuno changu ni cha zamani," Tata akasema, "lakini hakijamwaga."

Wanja nikapewa. Mwalimu akaoa kwingine.

Nisiwe mwongo: tulipopakia magunia matatu ya ndengu, zile shocks zilitulia vizuri. Zilitengenezewa mzigo mzito, si kijana mwembamba na kibuyu. Fundi hakutuuliza tunabeba nini, na sisi tulinunua rangi nyekundu.

Nililojifunza: ukijua kitu ni kibaya, sema kabla ya kupanda.

Sasa nyinyi mnaosema zenu zinameza mawe, karibuni mniambie. Mlibeba nini, na kilifika?