Maporomoko Ambayo Hatukuyafikia

Hata leo, maji yakimiminika kwa nguvu ndani ya pipa tupu hapa mtaani kwetu Annexe, moyo wangu unashtuka kidogo. Ndiyo sauti niliyoisikia siku ile bondeni, nyuma ya miti, bila kuyaona maji yenyewe.

Nilikuwa nimepata komunyo ya kwanza. Mjomba, kaka yake Mama, mwenye pikapu, alisema atatupeleka kuona maporomoko. Mama alikaa mbele naye. Papa, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka mkoa wa Kasai, aliambiwa apande nyuma pamoja nasi watoto na sufuria ya kuku. Alipanda, shati lake jeupe likawa jekundu kwa vumbi.

Njia ya bondeni ilinuka majani yaliyooza, na mawe yaliteleza kama sabuni. Tulifika kwenye daraja la magogo. Mjomba alitangulia, akasimama katikati, akageuka. Alianza kwa kucheka, akiuliza kama huko Kasai kuna maji ya namna hii. Kisha kicheko kikaisha.

“Hapa ni kwetu,” alimwambia Papa. “Dada yangu na batoto bapite. Weye bakiya kule. Uko mugeni.”

Mkono wa Papa ulikaza wangu hadi ukaniuma. Mama alikuwa ameshavuka nusu. Alimtazama kaka yake, akainama akavua viatu, kisha akarudi upande wetu, viatu mkononi.

“Kama huyu iko mugeni,” alisema, “batoto yangu nabo beko bageni. Na miye pia.”

Mjomba alimjibu kwamba akiondoka, asikanyage tena kwao. Mama aliondoka. Tulipanda kilima kwa miguu hadi barabarani, tukangoja lori juani. Nililia njia nzima kwa ajili ya maporomoko na kuku aliyebaki garini, na nilimnunia Mama kwa kuniharibia sikukuu yangu.

Miaka ilipita. Bibi, mama yake Mama, alifariki kwao, kule Pweto, na hakuna aliyetuma habari. Mama aliisikia sokoni, kwa muuza samaki wakavu, wakati matanga yalipokuwa yamekwisha. Alirudi nyumbani, akajifunga kitambaa kichwani, akakaa chini ukutani. Papa alikaa karibu naye.

Kumbe siku ile darajani mimi nilikosa maji ya kutazama tu. Mama alikuwa amewaacha watu wake wote, na alilijua hilo alipokuwa akivua viatu.